Uliza Mpima Hewa: Mtungi wa Bahi na Jinzi ya Mbagala

Kaskazi likishaanza, barua zenu hubadilika. Julai mnaniuliza habari za upepo, Machi mnaniuliza mvua, Februari mnaniuliza jasho. Mwezi huu nimechagua tano.

*Shikamoo Mama. Oktoba nilikwenda Dodoma kumuuguza dada yangu. Nilikuwa nafua jinzi saa nne asubuhi, saa saba naikunja. Nimerudi nyumbani, joto la hapa ni kali kuliko la kule, simu inasema nyuzi 32, lakini jinzi ileile inashinda kambani mpaka jioni na mifukoni bado ina majimaji. Nikiiacha usiku ndiyo kabisa. Kwani kinachokausha nguo si joto? — Mama wa watatu, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Swali lako ndilo lililonifanya nisomee kazi hii, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali.

Nimekulia Bahi, hukohuko mkoani Dodoma. Bibi yangu alikuwa na mtungi wa udongo pembeni ya mlango, juu ya mafiga matatu, na maji yake saa nane mchana yalikuwa yanauma meno. Nilipoletwa Dar es Salaam kwa shangazi, Temeke, nilimkuta naye ana mtungi, ukubwa uleule, umekaa kivulini vilevile. Nikachota, nikanywa. Yamepoa kidogo tu. Niliuzunguka ule mtungi nikitafuta ufa. Haukuwa na ufa. Nilikuja kupata jibu miaka mingi baadaye, darasani Kigoma kwenye chuo cha hali ya hewa, na siku hiyo nilimkumbuka bibi mpaka machozi yakanilenga.

Jibu ni hili. Nguo hukauka pale maji yake yanapogeuka mvuke na kuingia hewani, na hewa ina mwisho wa kupokea. Mwisho huo unapangwa na joto. Hewa ya nyuzi joto 32 iliyoshiba mvuke kabisa huwa na gramu 34 hivi za maji katika kila meta moja ya ujazo. Ya nyuzi 30 hushiba kwa gramu 30. Ya nyuzi 24 hushiba kwa gramu 22 tu. (Nasema hewa "inapokea" na "inashiba" ili tuelewane, hata pasipo hewa kabisa mvuke ungefikia kiasi kilekile, kwa kuwa mwenye amri hapo ni joto.)

Sasa tuhesabu. Chukua mchana wa Februari Mbagala: nyuzi 32, unyevu asilimia 60. Asilimia 60 ya gramu 34 ni gramu 20 ambazo tayari zimo hewani. Jinzi yako imebakiziwa nafasi ya gramu 14. Chukua mchana wa Oktoba Dodoma: nyuzi 30, unyevu asilimia 32. Mle ndani mna gramu 10 tu, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni gramu 20. Hewa ya Dodoma ni ya baridi kidogo kuliko ya kwako, lakini ina njaa zaidi. Ongeza na upepo wa kule, ambao unaiondoa hewa iliyoshiba karibu na kitambaa na kuleta nyingine kavu, na jinzi inakunjwa saa saba.

Na usiku? Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, maana kosa hili nalisikia hata kwa watu wenye shahada zao. Alfajiri joto limeshuka mpaka nyuzi 24, unyevu umetangazwa asilimia 95. Watu husema usiku bahari imeleta maji. Asilimia 95 ya gramu 22 ni gramu 21. Mchana zilikuwa 20. Maji ni yaleyale, mwanangu! Hakuna kilicholetwa. Kilichopungua ni uwezo wa hewa kupokea, basi gramu zilezile zikaonekana kama zimejaa pomoni. Asilimia ya unyevu inakwambia hewa imeshiba kiasi gani kwa joto la wakati ule, haikwambii ina maji kiasi gani. Ndiyo maana haifai kamwe kuisoma peke yake bila joto pembeni. Ukiniambia "leo unyevu ni asilimia 80" ukanyamaza, hujaniambia kitu.

Wapimaji tuna namba nyingine tunayoipenda zaidi: kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa kulifikia, mvuke unaanza kugeuka maji. Kwa mfano wetu wa Mbagala ni nyuzi 23, alfajiri na mchana, bila kubadilika. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji iko chini sana ya nyuzi 23, ndiyo maana inatoa jasho mezani saa yoyote utakayoifungua hapa Dar.

Kwa hiyo anika mapema, geuza mifuko nje, tenganisha nguo kambani hewa ipite katikati, na saa kumi na mbili jioni anua hata kama mkanda bado una unyevu. Usiku wa gramu moja ya nafasi hautakusaidia.

*Mama, nauza vifaa vya umeme. Nimeleta vile vipimajoto vidogo vya kidijitali vinavyoonyesha joto na unyevu pamoja. Kimoja nimekitundika ukutani chumbani kwangu chini ya bati. Saa tisa mchana kinasema 41, redio inasema 32. Wateja wananiuliza nani mkweli. — Kijana wa Kariakoo, naishi Manzese*

Wote wakweli, kila mmoja kwa alichokipima. Redio imekupa joto la hewa ya nje. Kifaa chako kimekupa joto la kifaa chako, ambacho kimekula joto la ukuta, na mnururisho wa bati lililochomwa na jua tangu asubuhi. Kipimajoto chochote hujipima chenyewe; kazi yote ya mpimaji ni kukiweka mahali ambapo kitafanana na hewa na si na kitu kingine.

Kazi hiyo ilifanywa vizuri na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland katika karne ya 19. Alibuni kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, kuta zake ni luva pande zote, hewa inapita lakini jua haliingii. Mpaka leo ndicho kisanduku utakachokiona kwenye vituo vya hali ya hewa, kimesimama juu ya nyasi, vipimajoto vikiwa kati ya meta 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kule kwao mlango huelekezwa kaskazini ili ukifunguliwa jua lisipige ndani. Kwetu hilo halitoshi: jua la mchana la Dar linakuwa upande wa kusini kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, halafu linahamia kaskazini. Nchi za ukanda wetu hutumia visanduku vyenye milango miwili, mpimaji anafungua ule ulio kivulini.

Kuhusu upande wa unyevu wa hivyo vifaa vyako, ndani mna utando mwembamba wa plastiki unaokunywa mvuke na kuutoa, na umeme hupima umekunywa kiasi gani. Vingine huwa na makosa ya asilimia 5 na hata 10. Unaweza kuvipima mwenyewe kabla ya kumuuzia mtu. Chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya mezani, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kifaa ndani ya mfuko wa nailoni mzito, funga pasiingie hewa, acha mpaka kesho yake. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hukaa kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 25 au 30. Kifaa kikisema 82, kiandikie kwa kalamu nyuma: toa 7. Mteja atakuheshimu.

Kwa chumvi hiyohiyo utajua jambo jingine. Unyevu ukizidi asilimia 75 chumvi huanza kuvuta maji na kulowa. Alfajiri yetu ya asilimia 95 inailowesha, mchana wa asilimia 60 unaikausha, basi inagandamana koponi. Mama zetu waliweka punje za mchele humo kabla ya mtu yeyote kuwaeleza sababu.

*Mheshimiwa Mama, nafundisha darasa la sita. Kitabu kinataja haigromita, yaani kipima unyevu wa hewa, lakini shule haina. Nina vipimajoto viwili vya kimiminika chekundu, na kimoja cha zamani cha zebaki kabatini. Naweza kuwaonyesha watoto chochote? — Mwalimu, Kigamboni*

Mwalimu, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Cha zebaki kiache kabatini, kisishikwe na mtoto. Zebaki ni sumu, na tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mataifa yamekubaliana kuiondoa kwenye vifaa vya namna hiyo. Vile viwili vyekundu vinakutosha kutengeneza haigromita halisi, ileile niliyoitumia kazini maisha yangu yote.

Kwanza vitumbukize vyote viwili kwenye ndoo moja ya maji, subiri, soma. Kama vinatofautiana kwa nyuzi moja, andika, utaitoa kwenye hesabu. Kisha kimoja kiache kikavu. Cha pili kivishe kitambaa chembamba cha pamba kwenye tumba lake la chini, shashi ya hospitalini inafaa sana. Kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya kiwandani, kichemshe na sabuni na ukisuuze, la sivyo maji hayatapanda. Ncha ya kitambaa ining'inie ndani ya kikopo cha maji kilichowekwa chini kidogo na pembeni. Na maji yenyewe! Ya visima vya Kigamboni yana chumvi, na chumvi itaganda kwenye kitambaa baada ya siku chache na kuharibu vipimo. Kinga maji ya mvua safi, au nunua yaliyokenekwa.

Watoto wapepee kwa kipepeo cha mkaa. Kile chenye kitambaa kitaanza kushuka. Waache washangae kwanza, usiwaeleze: maji ni ya chumba hikihiki, hewa ni hiihii, mbona huyu anaona baridi? Kisha waambie habari za mtungi. Gramu moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto linalotosha kupoza gramu 580 za maji kwa nyuzi moja. Mtungi wa lita moja ukipoteza gramu 17 kwa kuvuja jasho, maji yaliyobaki yanaweza kupoa nyuzi 10, mradi joto la nje lisiwahi kuingia. Kitambaa chako ni mtungi mdogo wenye kipimajoto ndani yake. Hewa ikiwa kavu maji yanaondoka haraka na kipimajoto kinashuka sana. Ikishiba, hakuna kinachoondoka na vyote viwili vinasoma sawa. Kwa ule mchana wa Dodoma niliomweleza mama wa Mbagala, kibichi, yaani kile chenye kitambaa, kingesimama kwenye nyuzi 18. Kwa ule wa Dar kingesimama karibu na 26. Hapo ndipo nilipowaelewa bibi na shangazi: mitungi yote miwili ilikuwa mizima, kila mmoja ukishuka mpaka pale hewa yake ilipouruhusu.

Kupata asilimia unahitaji jedwali, maana tofauti peke yake haitoshi. Kwa usawa wa bahari kama hapo kwenu, na kitambaa kikipepewa vizuri, kikavu kikisoma 32 na kibichi 29, unyevu ni asilimia 80. Kibichi kikiwa 27, ni 68. Kikiwa 25, ni 57. Lakini tofauti hiyohiyo ya nyuzi 5, kikavu kikiwa 20 na kibichi 15, inakupa asilimia 59. Waandikie namba hizi ubaoni wazitafakari.

Wafundishe pia kusoma kama wapimaji. Jicho liwe sawasawa na usawa wa kimiminika, si juu wala chini. Wasogee, wasome haraka, waondoke, kwa sababu mwili na pumzi ya mtoto vinapasha kipimajoto. Sisi tulifundishwa kusoma kwanza sehemu ya kumi ya nyuzi, ndipo nyuzi kamili, kwa kuwa ile ndogo ndiyo inayohama mbele ya uso wako.

Na kitambaa kisikauke. Nilikuwa kijana, zamu ya usiku, kituo kimoja cha bara, mwezi wa Agosti. Nilisahau kuongeza maji. Usomaji wa saa kumi na mbili asubuhi vipimajoto vyote vikawa sawa, nami nikaandika unyevu asilimia 100. Mkubwa wangu wa zamu alikuja, akasoma daftari, akanishika mkono akanitoa nje. Vumbi lilikuwa linaruka. Akapitisha kiganja kwenye majani, akanionyesha: makavu. Akaniuliza, "Umande uko wapi?" Hakusema neno jingine. Namba ile ya uongo ilikuwa imekwisha kutumwa, na mtu fulani mahali fulani aliitumia. Tangu siku ile sikuandika namba bila kutoka nje kwanza.

Ukibaki na muda, waeleze habari za Saussure wa Geneva, aliyetengeneza haigromita ya unywele wa mtu mwaka 1783. Unywele hurefuka kwa kadiri ya asilimia 2 hivi unapotoka kwenye ukavu kwenda kwenye hewa iliyoshiba. Wasichana wako watakuelewa upesi. Wamewaona dada zao wanaotoka saluni nywele zimenyooshwa kwa pasi, na kabla hawajafika kivukoni zinaanza kujikunja.

*Mama shikamoo. Simu inaandika 32, chini yake inaandika "inahisi kama 40". Ipi ndiyo joto? Na simu inajuaje? — Bodaboda wa Mwenge*

Marahaba baba. Joto ni 32. Simu yako haipimi hewa. Kipimajoto kilichomo ndani yake kinalinda betri. Namba zinaletwa kwa intaneti kutoka kwenye vituo na hesabu za kompyuta. Ile ya 40 haikupimwa na kifaa chochote. Ni hesabu inayochanganya joto na unyevu, chanzo chake ni kazi ya Robert Steadman ya mwaka 1979, na nyuzi 32 zenye unyevu asilimia 70 hutoa 40. Hesabu hiyo inamchukulia mtu aliye kivulini penye upepo kidogo. Wewe uko juani, juu ya lami, una kofia ngumu na koti, kwa hiyo mwili wako unaona zaidi ya hiyo.

Mwili wako nao ni mtungi. Jasho linalodondoka chini halijakupoza hata kidogo. Linalokupoza ni lile linaloondoka kama mvuke, na unyevu ukiwa mwingi linagoma kuondoka. Wanasayansi hutaja nyuzi 35 za kipimajoto kibichi kama mpaka ambao hata kijana mwenye afya, kivulini, mtupu, mwenye maji tele, hawezi kujipoza akaishi. Madhara huanza mapema kabla ya hapo. Dar haijafika huko kwa siku zetu za kawaida, lakini usichukulie kizunguzungu kama uchovu wa njaa. Ukiona jasho limekata ghafla ilhali joto ni lilelile, au mwenzako kijiweni anaongea maneno yasiyoeleweka, mpelekeni kivulini, mvueni, mmwagieni maji, mpepeeni, na awahishwe hospitali.

Mnasema pia kijiweni kwamba siku hizo hewa ni nzito. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko kavu, kwa kuwa chembe ya maji ina uzito wa 18 na chembe za hewa kavu zina wastani wa 29. Uzito mnaousikia ni wa mwili unaohangaika.

*Kiyoyozi chetu cha chumbani kinatoa maji. Nikiweka ndoo ya lita 10 jioni, asubuhi imejaa. Fundi kasema ni kawaida. Ni kawaida? Na maji hayo naweza kumwagilia maua? — Sinza*

Maua mwagilia, ila msinywe, yamepita kwenye vumbi na vyuma. Kutoa maji ni kawaida: mapezi ya ndani ni ya baridi kuliko kiwango cha umande, hewa ikiyagusa inaacha maji kama inavyoyaacha kwenye chupa ya soda. Lakini lita 10 zinanipa mashaka.

Chumba cha meta 3 kwa 4, dari la meta 2.7, kina meta za ujazo 32. Kwa gramu 20 kila moja, hewa yote ya chumbani ina maji kama gramu 650. Kiyoyozi kikiishusha mpaka nyuzi 24 na asilimia 55, inabaki na gramu 12 kila meta. Kimetoa gramu 8 mara 32, ni gramu 256 tu, bilauri moja. Ninyi mnaolala humo mnachangia kwa pumzi na jasho, lakini hamfikii lita moja kila mtu kwa usiku mmoja. Zilizobaki zimeingia na hewa ya nje: zaidi ya meta elfu moja za ujazo, hewa ya chumba kizima imebadilishwa mara 30 na zaidi kabla hamjaamka. Nadhani madirisha yenu ni ya vioo vya luva. Mnapoza Sinza nzima, na mita ya LUKU inahesabu.

Bandikeni nailoni nzito kwenye luva kwa ndani, wekeni kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango, kisha tegeni ndoo ileile usiku mmoja. Asubuhi pimeni maji kwa chupa ya lita moja na mniandikie yamefika ngapi.